Dimbwi Lililovaa Upinde wa Mvua

Mwanangu, hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini leo nina makarasha mawili ya kusaga mawe na nyumba ya ghorofa mtaa wa Kalangalala, na wasomi wananiamkia. Ila iko siku moja nikiikumbuka najikuna kichwa.

Nilikuwa kijana, baba kauza ng'ombe wanne nikaoe. Nikapitia Segese, kwenye machimbo, kusalimia tu. Jamaa mmoja akanionyesha duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, na pembeni dimbwi linang'aa: kijani, zambarau, na njano ya dhahabu yenyewe! Nikajua mali imepanda juu kupunga hewa. Methali ya ving'aavyo vyote si dhahabu niliijua, ila niliidhani ya watu wa mbali wasio na dhahabu. Nikalinunua duara papo hapo kwa mahari yote, milioni moja na laki mbili. Kutwa nikalinda dimbwi. Hata bata wa mama ntilie nilimfukuza asinywe utajiri wangu.

Jioni akapita Mzee Masanja, fundi wa pampu za dizeli za kuvuta maji mashimoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unalinda nini?"

"Utajiri."

"Umeunusa?"

Nikainama. Dizeli!

Nikabisha: dizeli haina rangi hizo. Mzee akateka maji kwenye beseni, akadondosha tone moja la dizeli. Upinde wa mvua ukatanda beseni zima.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwanga ni mawimbi. Mwingine unarudi kutoka juu ya mafuta, mwingine kutoka chini yake. Shikeni karai watu wawili: mkisukuma pamoja, linakwenda, wewe ukisukuma huku na yeye kule, linatulia tuli. Nyekundu ikirudi ikakutana na mwenziwe wanasukumana, inajiua, unabaki kuona kijani. Mafuta yakizidi unene kidogo, zamu ya kijani kufa."

"Kwa hiyo mwanga juu ya mwanga unaleta giza?"

"Kama wewe na ng'ombe wa baba yako. Mmekutana, mmefutana."

Muuzaji alishapanda basi. Mama yenu alinisubiri miaka mitatu, na hadi leo akiona dimbwi njiani ananiuliza bei.

Basi sikia: jicho ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Kinachong'aa kinuse, kisha muulize mwenye grisi mikononi. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe macho mazuri na pua nzuri zaidi, akuletee mzee wako kabla hujalipa. Wangu alikuja baadaye, na kwa tone lake la dizeli akanidai mia tano. Jumla: shilingi milioni moja, laki mbili na mia tano.