Nipe Ubavu

Ijumaa moja sauti yangu ilisikika msikitini, mimi mwenyewe nikiwa sebuleni na kanga kiunoni. Nilikuwa namwita babangu kwa redio ya CB, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, na mlingoti wa antena yangu ulisimama juu ya paa letu hapa Shika Adabu. Waya za spika za msikiti zinapita karibu na ukuta wetu. Waya ndefu namna ile zikiwa jirani na redio hudaka mawimbi bila kuulizwa, na mashine ya spika ikayatoa kama ilivyoyapokea. Basi watu wamekaa wangojea hotuba, mara spika zikasema kwa sauti ya kike, "Assalamu alaykum, baba, wanipata?" Mume wangu alikuwa safu ya pili. Anasema safu nzima ya mbele iliitikia salamu, na mzee mmoja akaongeza kwamba anaipata vizuri.

Mume wangu alicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Alasiri ile ile walikuja wazee wawili wa kamati ya msikiti, wakakaa, wakatuuliza hali zetu, hali za watoto, hali ya baba kule Jomvu na hali ya kibanda changu cha ufundi. Wakanywa kahawa, wakashukuru, na hapo ndipo mmoja wao alipotazama dari na kusema, "Sasa mwanangu, kile chuma." Angenikaripia ningebishana naye mpaka magharibi, maana ulimi ninao. Lakini mtu aliyekustahi hivyo humbishii. Nilipanda juu nikaushusha mlingoti siku hiyo hiyo, na nilipokuwa nafungua bolti ya mwisho nililia kwa hasira.

Nieleze kwa nini chuma kiliniliza. Babangu alikuwa mtu wa redio kwenye meli za mizigo, na alipostaafu alirudi kwao Jomvu Kuu. Tukabaki kila mtu na redio yake, yeye kule na mimi huku ng'ambo ya bandari, tukizungumza jioni mambo ya kawaida tu, nani kazaa na samaki gani wamepatikana. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yanamjia kipande kipande, kwa taabu. Akili yake haikuguswa. Ukimtazama machoni ulijua yumo ndani, mzima, anangoja zamu yake.

Na zamu ndiyo tuliyomnyima. Sisi watu wa pwani twapenda mazungumzo, na mtu akikwama twaona ni uungwana kumsaidia. Baba akianza neno, dada yangu mkubwa anayekaa naye humalizia. Jirani akipita, humalizia. Mimi nikienda kumtazama, namalizia. Tukikosea hutikisa kichwa, nasi twakisia tena, kwa mapenzi na kwa kelele, hadi anachoka na kukubali lolote. Kwenye simu ni vivyo hivyo. Nilijaribu kumfundisha kurekodi ujumbe wa sauti. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akairudisha simu mezani. Babangu hasemi na mtu asiyekuwepo. Kidogo kidogo akaacha kusema kabisa, na dada akaanza kumwambia kila mgeni kwamba mzee siku hizi ametulia.

Siku moja kabla ya Ijumaa ile ya aibu, dada aliiwasha redio ya baba kwa kumfurahisha tu. Nikasema, "Shikamoo, baba," nikaachia kitufe. Kwenye redio hizi, mwenzako akishika kitufe huwezi kumwingilia. Unasikiliza, upende usipende. Nikasikia kwamba amebonyeza, kisha kimya, kisha pumzi, na mimi nimeuma midomo. Halafu likaja: "Ma... ra... haba." Lote, kwa sauti yake mwenyewe. Dada anasema aliishika maiki kwa mkono wa kushoto na hakutaka kuirudisha. Nilikuwa nimempata babangu tena, na kesho yake nikaingia msikitini kwa spika.

Kwa hivyo nilihitaji antena itakayofika Jomvu lakini isiingie msikitini, na niliihitaji haraka, kwa sababu dada alisema baba sasa anakaa mbele ya redio iliyozimwa.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na pasi za umeme, kwa hivyo mimi si mgeni wa waya. Nilikuwa nimesoma habari za antena ya duara: pete ya shaba yenye upana wa sinia kubwa, ambayo yaweza kufanya kazi karibu na ya mlingoti mrefu kwa sharti kwamba uiweke sawa barabara. Mlingoti husamehe. Pete haisamehe. Nikanunua mrija wa shaba wanaotumia mafundi wa friji, nikaenda Bofu kwa wanawake wanaopika pilau za harusi, nikawaomba sufuria lao kubwa kabisa na kuupinda mrija kulizunguka. Walisimama mikono viunoni wakinitazama. Mmoja akaniuliza ni chakula gani hicho kinachopikwa nje ya sufuria. Nikamwambia ni cha babangu mgonjwa, na wawili wakaja kunishikia ncha.

Ncha za pete hazigusani. Kati yake niliweka vibati viwili vinavyosogezwa kwa skrubu, na kwa skrubu hiyo ndivyo unavyoiweka pete sawa na mawimbi ya redio. Ndani ya pete kubwa nikatia pete ndogo ya waya, ya kupokea waya wa redio. Skrubu niliifungia mwiko mrefu wa mbao, kwa kuwa ukisogeza mkono karibu kila kitu hubadilika, na unapozungumza vile vibati vina umeme wa kuunguza kidole. Mume wangu alipouona mwiko wake wa ugali juu ya paa alinunua mwingine.

Majaribio tuliyafanya Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri. Mume wangu alikwenda msikitini kumwomba muadhini awashe mashine ya spika, wakae chini yake wasikilize kama nitatokea. Muadhini wetu ni mtu wa utani, akasema atakuja na mto. Dada alikuwa Jomvu na baba, redio imewashwa, simu mkononi. Nami nilikuwa juu ya paa, redio na betri kwenye kivuli cha tangi la maji, pete nimeisimamisha juu ya nguzo fupi ya mbao. Ukisimama pale na kutazama Jomvu, msikiti uko mkono wa kulia.

Nikaielekeza pete Jomvu uso kwa uso, tundu lake likitazama ng'ambo kama sahani ya televisheni inavyotazama mbingu. Sikufikiri mara mbili. Hivyo ndivyo tulivyolelewa: mtu mzima humsalimii ukiwa umempa ubavu, unamgeukia. Nikabonyeza kitufe, nikauzungusha mwiko polepole nikiangalia mita inayopima nguvu ambazo antena inazirudisha bila kuzirusha. Sindano ilisimama juu, ikasimama, ikasimama, halafu ghafla ikalala yote, na nikajua pete imekubali. Nikakohoa kusafisha koo, kitufe bado nimekishika. Nikasema:

"Shikamoo, baba. Nina antena mpya, ya pete. Nimekugeuzia uso. Wanipata?"

Yakaja makelele matupu, na mbali ndani yake kitu kama mtu anayesema chini ya blanketi. Simu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Muadhini asema hicho kikohozi ukitazame," akaniambia. "Na baba yako umemgeuzia uso, tumesikia sote."

Ilikuwa imekwenda kinyume kabisa: msikiti wanisikia, baba hanisikii. Nilitamani kuipiga teke ile pete ianguke uani. Badala yake nikampigia dada.

"Kakusikia kwa mbali," akasema. "Nimempa maiki, yuwasema u. U, u. Yuwataka uji." Nyuma yake nikasikia mguno wa kukataa. "Basi upepo? Baba, upepo wakuumiza, nifunge dirisha?" Mguno tena, mkali zaidi.

"Dada yangu," nikamwambia, "mwachie hiyo maiki, kisha nakuomba utoke nje."

"Wanitoa mimi? Nyumbani kwetu?"

"Kakae uani kidogo tu, dada. Wallahi nakuomba."

Akasonya, lakini nikausikia mlango.

Niliinama nikatia sikio kwenye spika ya redio. Makelele. Kisha, chini kabisa, "U." Nikangoja. "Ba." Hapo nilikwisha kulijua neno, na kama ningekuwa kitandani pake ningelisema kabla yake, na kumuuliza ubavu upi unauma. Lakini kitufe kilikuwa mkononi mwake. "Vu," akasema. Akapumua, na hakukiachia. "Nipe... ubavu."

Nilisimama juani sielewi. Kisha nikakumbuka alivyotusimulia tukiwa wadogo, kwamba kwenye meli zake palikuwa na pete kama hii, na kazi yake ilikuwa kuigeuza mpaka kituo cha nchi kavu kipotee masikioni. Kinapopotea, ndipo uso wa pete umekitazama, na nahodha akajua kiko upande gani. Uso wa pete ni kiziwi. Pete husikia na kusema kwa ukingo. Mimi kwa adabu zangu zote nilikuwa nimempa babangu upande wa ukiziwi, na msikiti nikaupa ubavu mzima. Na yeye, kwa neno langu moja tu la uso, alikuwa ameliona kosa tangu kule Jomvu, akawa analisema, nasi twampikia uji.

Nikaizungusha pete robo. Tundu likautazama msikiti, ukingo ukaenda Jomvu. Nikazungusha mwiko tena mpaka sindano ikalala.

"Baba, nimekupa ubavu," nikasema. "Niwie radhi."

"Na... kupata," akajibu, na sauti ilikuwa pale, karibu, mpaka nikasikia anatafuta pumzi ya kucheka. Sikumbuki yote niliyomwambia baada ya hapo. Nilimweleza kuhusu sufuria, mwiko na wazee wa kamati, nikaachia kitufe kila mara na kumngoja, naye akaniletea neno, wakati mwingine mawili. Niliongea mpaka koo likakauka, na nusu ya moyo wangu ilikuwa msikitini. Simu ikalia.

"Twangoja," akasema mume wangu. "Waanza saa ngapi?"

"Nimeanza zamani. Hamsikii kitu?"

"Kimya. Muadhini kalala."

Nilijiachia nikakaa kwenye saruji ya moto. Nilicheka peke yangu juu ya paa, na mama mmoja aliyekuwa akianika nguo nyumba ya pili akaniuliza kama ni salama. Nikamwambia ni salama kabisa.

Redio ikabonyezwa upande wa pili.

"Ma," akasema baba.

Tangu augue, baba akisema "ma" dada humletea maji. Hata mimi nikiwa kule nimempelekea mara nyingi. Huyanywa yote, hurudisha bilauri, kisha hutazama mlangoni. Daktari alitusifu kwamba mzee anakunywa vizuri. Ningekuwa mbele yake saa ile ningekwisha kuinuka niende kwenye mtungi.

"Ma," akasema tena, na kitufe bado amekishika. "Ma... ko." Pumzi. "Nipelekeni... kwa mamako."

Mama amelala makaburini pale pale Jomvu, mwendo mfupi kutoka nyumbani. Kabla ya kuugua, baba hakukosa kumzuru kila Ijumaa akitoka msikitini. Tulipoanza kumuuguza tulifikiri dawa, chakula, godoro, nani atalala naye, na hilo halikumpitia mtu yeyote kichwani. Yeye alikuwa akituambia kila siku. Machozi yalinitoka, lakini hayakuwa ya hasira kama yale ya bolti. Nilikuwa na raha, kwa kuwa sasa tumejua, na jambo hili lilikuwa ndani ya uwezo wetu.

"Nimekupata, baba," nikasema. "Kesho asubuhi nitakuja, inshallah, twende pamoja."

Akabonyeza tena. Alichukua muda wake wote, nami nikamwachia.

"Na maji," akasema, "ya... tosha."