Gari Jekundu na Mguu wa Baba

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Jumatatu ambayo nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nacheka, halafu namshukuru Mungu. Mpangilio ni huo huo miaka yote. Nimekuona unavyoshinda na simu ukitazama picha za magari. Unasema ulilo nalo limechoka, unataka jingine lenye mbio kidogo, la umbo zuri, na bei isikutoe roho. Sikucheki. Mimi unayeniona hapa Same na miwani yangu niliwahi kutaka jambo hilo hilo, nikalipata, nalo likanitia adabu.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilikuwa na duka la kushona sare za shule hapa mjini, vyerehani vinne, na pikapu nyeupe ya kubebea majora ya vitambaa. Pikapu ilikuwa imezeeka, lakini haikuwa na makuu. Kwetu ni Ngujini, kule juu milimani Ugweno, na ukiwa na pikapu kwetu, basi gari ni lako kwenye kadi tu.

Nikipanda Jumamosi kumsalimu baba, nilikuwa sijazima injini watu wameshafika. Mama Nakunda, jirani yetu, ana mikungu ya ndizi ya kushusha sokoni Mwanga. Kwaya imealikwa Kighare. Mgonjwa ashushwe, maiti apandishwe. Na siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe kutengeneza barabara, pikapu yangu ndiyo iliyosomba mawe kutoka mtoni hadi kwenye kona mbaya, ile ya mwisho kabla ya kufika kwetu. Kila mvua ikinyesha kona ile ilibomoka, na kila mara nilisomba.

Nikachoka. Sasa nitakuambia ukweli ambao sikumwambia mtu miaka ile. Nilipoanza kutafuta gari la kubadilisha, sikutafuta mbio peke yake. Nilitafuta gari ambalo hakuna mtu angeweza kuniomba.

Nililipata Moshi, kwa muuzaji wa magari yaliyotumika. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia ndege. Ukiliwasha lilinguruma hadi tumboni mwako. Bei yake ilikuwa nafuu mno, nami nikajiona mjanja. Muuzaji mwenyewe hakunificha, masikini. Alisema, "Dada, haya ya milango miwili hayatoki haraka. Watu wana familia." Nikacheka, nikamwachia pikapu yangu, nikaongeza kidogo juu yake, nikaondoka. Sikujiuliza kwa nini kitu kizuri namna ile kilikosa mnunuzi.

Nilirudi Same vioo vimeshushwa. Kutoka Mwanga kuja huku lami imenyooka, mkonge umejipanga pembeni, na usiniulize mshale wa spidi ulifika wapi. Raha niliyoisikia siku ile sitaikana hata leo. Nilijiona nimezaliwa upya.

Na kweli, nyumbani waliacha kuniomba. Mara ya kwanza nilipopanda nalo, nikilikwaruza tumbo kwenye mawe huku na kule, Mama Nakunda alilizunguka taratibu, akasema, "Limependeza, mwanangu. Sasa ndizi utaziweka wapi?"

"Ndiyo hivyo, mama," nikamjibu kwa sauti ya kujifanya nasikitika. "Haliwezi."

Moyoni nilikuwa nachekelea. Msaragambo uliofuata sikwenda, nilituma udhuru kwamba nina sare za shule mbili za kumaliza. Sare zilikuwepo, lakini zingeweza kusubiri. Wenzangu walisomba mawe kwa vichwa, na kwa vichwa mawe hayaendi mengi. Kona mbaya ikaachwa nusu.

Sasa baba yangu. Alikuwa ameanguka akikata matawi ya mibuni, goti likaumia, na likapona vibaya. Mguu ulibaki umenyooka moja kwa moja, haukunjiki. Jambo hilo nililijua vizuri kabla sijauza pikapu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka hospitali. Pikapu ilikuwa na kiti cha juu. Alikaa kwanza, kisha nikamsaidia kuuingiza mguu taratibu, tukaondoka. Hospitali kubwa ya Moshi ikampa siku ya kuonana na daktari bingwa wa mifupa aliyekuwa akija kwa siku chache. Jumatatu, kabla ya saa sita. Akikosa, hakuna aliyejua zamu nyingine ingekuja lini, na tulikuwa tumeshaambiwa kwamba goti lile likiendelea kukaa vile halitarekebishika tena. Baba aliingoja siku ile karibu mwaka mzima.

Basi Jumatatu hiyo nikatoka Same alfajiri. Saa mbili nikawa kwenye kona mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha Jumapili. Gari likapanda hatua chache, likateleza, likakaa tumbo juu ya jiwe. Nikakanyaga mafuta, matairi yakazunguka bure na kunirushia tope hadi kwenye kioo. Nikashuka, nikapanda kilima kwa viatu vya mjini.

Baba alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, na koti lake la kanisani, mkoba pembeni, mguu umenyooka mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Limekwama kwenye kona."

Alitazama tu mguu wake, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenifokea.

Ikabidi mimi, niliyenunua gari la kukwepa maombi ya watu, niende kupiga hodi kwa watu. Nyumba ya kwanza ni kwa Mama Nakunda. Nilikuwa sijamaliza kueleza, ameshatupa kanga begani na kuanza kuita majina. Waliokuwa njiani kwenda shambani wakaacha majembe. Wakafunga miti miwili kwenye kiti cha mbao, wakamweka baba juu yake, wakamshusha kilima wakipokezana, wakimtania kwamba amekuwa bwana harusi. Mimi nilifuata nyuma na mkoba.

Tulipofika, watu wanane wakaliinua gari langu, wakalitoa kwenye jiwe na kuligeuza litazame chini. Nikafungua mlango, baba akasogezwa. Haikuwezekana. Kiti kilikuwa chini mno na mguu ulikataa kupita. Tulijaribu hivi, tukajaribu vile, jasho likamtoka. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikasema, "Baba, jikunje kidogo tu."

"Mguu haukunjiki, mwanangu," akasema. "Ungekuwa unakunjika nisingekuwa naenda hospitali."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akashika mkono wangu, akasema kwa upole, lakini kila mtu alisikia: "Mimi sikukukataza gari la mbio. Nauliza tu, ulipokuwa unalichagua, sisi ulituweka wapi?"

Nililia pale pale barabarani, mwanamke mzima mwenye duka. Hakuna aliyenisuta. Nuruaeli, kijana aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga, alichungulia ndani ya gari, akasema, "Dada, acha kulia, hiki kiti cha mbele kina nati nne tu." Akakimbia kuleta spana. Akazifungua, akakitoa kiti kizima. Baba akaingizwa kinyumenyume hadi kiti cha nyuma, mguu ukapata nafasi ya kunyooka pale kilipokuwa kiti. Mama Nakunda akaukunjia kanga yake chini ya kisigino usigongwe. Kisha akakibeba kile kiti changu cha gari kichwani, akasema, "Nitakihifadhi, nendeni, muda unakwenda." Nilimwona kwenye kioo akipanda nacho kilima, yeye ambaye nilimnyima nafasi ya mikungu miwili ya ndizi.

Kushuka tulishuka polepole. Lakini tulipoishika lami, saa ilikuwa imekimbia. Tulipofika usawa wa Kileo nikamsikia baba nyuma yangu: "Eti hili linaishia hapa?"

"Naogopa mguu wako, baba."

"Mguu umetulia. Kanyaga."

Nikakanyaga. Baba yangu, mzee wa kanisa, alicheka njia nzima kama mtoto. Saa tano na nusu tulikuwa kwenye foleni ya daktari. Wakampokea, wakampasua wiki ile ile, na baadaye akaanza kutembea kwa fimbo. Kwa miaka mingi baada ya hapo alikwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na nawashukuru watu wa Ngujini kuliko ninavyoweza kusema.

Msaragambo uliofuata nilikwenda. Nilisomba mawe kwa kichwa kama wengine, shingo ikaniuma siku tatu. Nilitegemea maneno, sikuyapata. Walinisogezea nafasi kwenye mstari, tukaendelea na kazi, kona ikakamilika.

Gari jekundu nililiuza baadaye. Sikurudi kwenye pikapu, maana kupenda mwendo sikuacha na sidhani kama ni dhambi. Nilichukua gari la milango minne, la juu kidogo, lenye injini nyepesi kuitika ukikanyaga, na bei niliyoimudu bila kumpigia mtu magoti. Lakini kabla sijalinunua nilimwomba muuzaji tupande nalo hadi Ngujini. Alishangaa. Nikamketisha baba, nikamketisha Mama Nakunda na mkungu wake mmoja, tukashuka hadi Mwanga na kupanda tena. Waliposhuka nikawauliza wameonaje. Baba akasema, "Hapa tupo." Ndipo nilipolipa.

Kwa hiyo mwanangu, sikuambii uache unachokipenda. Chagua gari linalokufurahisha, ujana haukai. Angalia injini, angalia matairi, uliza kama vipuri vinapatikana mjini kwako, na ukiona bei imeshuka mno uliza ni nani aliyelikataa na kwa sababu gani. Lakini usichague ukiwa peke yako na picha kwenye simu. Mketishe mama yako mzazi ndani yake uone anavyoingia na anavyotoka. Lipandishe barabara ya kwenu, tena siku ya mvua. Na ujihoji kwa ukweli kama unatafuta gari au unatafuta mahali pa kujificha watu wasikuone. Watu wanachosha, najua. Mimi walinichosha sana, na ndio hao walioacha majembe yao asubuhi ile kwa ajili ya baba yangu.

Mungu akupe gari litakaloitika kila uliwashapo. Akulinde katika kila kona, akurudishe nyumbani mzima. Na siku gari litakaposhindwa kufika, mwanangu, akujalie watu watakaoshuka kilima kukufuata.