Fundi Aliyeziba Tundu la Bendera

Saa nne asubuhi, theluji inaanguka nje ya dirisha la ghorofa ya kumi na nne, Thorncliffe Park jijini Toronto, na Bi Jenabai Ghulamabbas hajanywa hata chai. Amekaa karibu na mwanga, subana kidoleni, miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine. Mapajani ametandaza bendera ya nchi ambayo hajawahi kufika.

Bendera hiyo ya Romania ina mistari mitatu ya wima: buluu, manjano na nyekundu. Katikati, kwenye manjano, pana tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Bi Jenabai anashona ukingoni mwa tundu hilo vipande vyembamba vya kitambaa kikuukuu, nyuzi zake zikining'inia. Fundi mwenye miaka hamsini kazini anarudisha uchakavu mahali alipouondoa mwenyewe.

"Usicheke," anamwonya mwandishi. "Hii ngumu kuliko gauni la bibi harusi. Gauni likiharibika unanunua kitambaa kingine. Hiki nitakinunua wapi?"

Leo ni siku ya nne ya kazi hii. Jumapili, bendera inatakiwa kwenye ukumbi wa Waromania kwa ajili ya kumbukumbu yao ya Desemba. Lakini si ukumbi unaomnyima usingizi. Anachotaka ni jirani yake Viorica, anayeishi milango minne kutoka kwake, arudi kunywa chai saa kumi jioni kama zamani.

Bi Jenabai ana miaka sitini na sita. Alizaliwa Lindi, akafundishwa cherehani na mama yake, na mwaka 1996 akahamia Toronto na mumewe, Kazim. Mzee Kazim alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao wa pekee, Marziya, yuko Calgary, safari ya saa nne kwa ndege, na hupiga simu kila Jumapili.

"Namuuliza mjukuu, umekula nini leo? Ananijibu, 'I'm good, Nani,' yaani niko sawa, bibi. Basi, maongezi yamekwisha. Nabaki nimeshika simu."

Pindo la suruali anatoza dola kumi na tano, zipu ishirini. Mwezi mzuri humwingizia dola mia nane, nusu ya kodi ya nyumba. Iliyobaki hutoka kwenye pensheni na kwa Marziya. Hata hivyo, halalamikii pesa.

"Nimezoea kubana matumizi. Kimya ndicho sijakizoea. Mteja analeta nguo, anaondoka. Halafu nasikia lifti tu, inapanda, inashuka."

Ni kwenye lifti hiyo, miaka mitatu iliyopita, alipokutana na Viorica, mjane wa miaka sabini na tisa kutoka mji wa Timișoara. Viorica alikuwa amekumbatia koti la marehemu mumewe, Aurel, akienda kuligawa. Bi Jenabai hakujizuia. Akalishika, akapapasa bitana, akamwambia hiyo ni kazi ya fundi wa kweli. Koti halikugawiwa tena, na kesho yake Viorica akabisha hodi.

Kiingereza cha wote wawili ukikichanganya hakijazi kikombe, lakini chai iliwatosha. "Yeye ananiita Doamna Jena. Doamna kwao ni kama sisi tunavyosema Bi. Mimi namwita Dada Viorica. Aliniambia tangu aje Kanada hakuna aliyewahi kumwita dada."

Mwezi uliopita Viorica alileta bendera. Ukingo wa nyekundu ulikuwa umeanza kufumuka, akaomba apigiwe pindo. Hakuomba kingine, na kuhusu tundu hakusema neno. Kwake, lilikuwa jambo ambalo dunia nzima inalijua.

"Mimi nikaona, maskini, bendera imetoboka katikati na ameona haya kuniambia," anasimulia Bi Jenabai. "Mama yangu alikuwa akisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikasema namzibia, iwe zawadi."

Alipanda basi mara mbili hadi kwenye maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Queen akitafuta manjano iliyopauka vilevile. Kisha akafanya ambalo fundi yeyote makini hulifanya kabla ya kutia kiraka. Akachukua mkasi, akapunguza ukingo wote uliochakaa mpaka tundu likawa duara safi. Kiraka kilikaa vizuri hata mwenyewe akawa anakitafuta kwa vidole.

Kwa desturi ya mama yake, mabaki ya kitambaa ni mali ya mwenye nguo, hata yawe nyuzi tupu. Akayatia kwenye kifuko, akakibana kwa pini juu ya bendera iliyokunjwa.

Viorica aliikunjua palepale mezani. Akapapasa manjano. Akafungua kifuko, akatazama ndani, akaondoka navyo bila kugusa chai.

Siku kumi na moja hakuonekana. Bi Jenabai aligonga, hakufunguliwa. Kila saa kumi aliendelea kutenga vikombe viwili, na kila saa kumi na moja akaviosha vyote, kile kisichonywewa pia.

"Niliziba ufa, nikajenga ukuta," anasema, na hapo anavua miwani yote miwili na kulia waziwazi. Hajalia hivyo, anasema, tangu msiba wa Kazim.

Siku ya kumi na mbili Viorica alikuja na bendera na picha ya zamani. Pichani, Aurel kijana yuko barabarani katikati ya umati, ameinua bendera, na tunduni unaonekana moshi wa kiwanda cha mikate.

Desemba 1989 watu wa Timișoara waliingia mitaani dhidi ya rais aliyetawala karibu robo karne. Katikati ya bendera palikuwa na nembo ya utawala ule, na watu waliikata. Aurel aliikata yao juu ya meza ya jikoni, kwa mkasi wa mkewe, akatoka nayo huku risasi zikilia. Viorica alikaa dirishani mpaka asubuhi bila kujua kama bado ana mume.

"Kitambaa kilikuwa cha serikali," Viorica anamwambia mwandishi, akiwa amesimama mlangoni kwake. "Tundu ni letu."

Nyumbani kwake bendera hiyo ndiyo jamaa pekee aliyebaki. Na hata ukumbini imeanza kuonekana kero. Mwaka jana kijana mmoja wa kamati alileta bendera mpya, nzima, akasema lile tambara linaliaibisha taifa.

"Wanataka taifa lililopigwa pasi," anasema Viorica. "Nilipoona kiraka, nikadhani hata Jena yuko upande wao."

Siku ile ya picha, Bi Jenabai aliomba kuona kifuko. Viorica alikuwa hajakitupa. Alikihifadhi ndani ya kasha la miwani la marehemu. Fundi akavipanga vile vipande juu ya meza, akavitazama kwa muda, kisha akasema anachokijua.

"Aliyekata hapa ni wa mkono wa kushoto. Mwanzo huu ametetemeka. Huku mwisho amekata harakaharaka."

Aurel alikuwa wa mkono wa kushoto, na Viorica hakuwahi kumtajia mtu yeyote jengo zima. Akaacha kifuko na bendera, akasema neno moja, jaribu, akarudi kwake. Tangu hapo hajaja. Hataki kuiona ikiwa imefumuliwa.

Bi Jenabai naye ana bendera yake, ingawa hakuitaja mpaka alipoulizwa. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha, na nyumba ya babu yake pale Lindi ikaenda. Siku ya Saba Saba mwaka huohuo, mwalimu alimchagua kushika bendera mbele ya gwaride la shule kwa sababu ya urefu wake.

"Mwenzangu darasani akaniuliza, kwani hii ni bendera yako? Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sikujibu. Huku nako wakiniuliza natoka wapi nasema Tanzania, wanasema hapana, kwenu hasa wapi? Bado sijibu."

Saa tisa na nusu anakata uzi wa mwisho. Anapiga pasi pembeni tu, katikati haigusi. Anatenga vikombe viwili, ila chai haimimini.

Saa kumi na dakika tano mlango unagongwa.

Viorica anaingia na koti lake la baridi, kana kwamba ametoka mbali. Anainamia meza, anazungusha kidole kwenye tundu, taratibu, duara lote. Pale kipande cha zamani kinapokutana na kitambaa, kidole kinasimama.

"Mshono unaonekana, dada," anasema Bi Jenabai. "Nimeshindwa kuuficha. Nisamehe."

"Usiufiche," anajibu Viorica.

Anaishika bendera kwa ncha mbili za upande wa buluu, anarudi nyuma mpaka ukutani. Upande wa nyekundu unaburuta sakafuni. Kwenye maandamano ya ukumbini bendera hii ilikuwa ikibebwa na watu wawili, yeye na mumewe. Tangu Aurel afe, Viorica huibeba imekunjwa kifuani, peke yake.

"Jumapili," anasema. "Saa tano. Shika huko."

Bi Jenabai anajifuta mikono kwenye gauni, anainua ncha mbili zilizoanguka. Wanasimama hivyo kila mtu upande wake, bendera ikiwa imenyooka katikati yao, wakionana kupitia tunduni.

Viorica alipoenda kuvua koti, mwandishi alimuuliza Bi Jenabai kama haogopi yule kijana wa kamati, na swali lilelile la Lindi. Alikuwa anamimina chai, kikombe cha kwanza, kisha cha pili.

"Naogopa sana," alisema. "Lakini nitakwenda. Akiniuliza kama bendera ni yangu, nitamwambia si yangu. Nitamwambia upande huu haukuwa na mtu wa kuushika."