Farasi wa Shemeji

Fundi wa mabomba ya moshi hukasirika hata kabla gari halijawashwa. Hulifunga gari kwa mikanda juu ya mashine ya kupimia nguvu ya injini huku akisonya, halafu hufuta viganja kwenye suruali, hata vikiwa vikavu. Leo gari la spoti ni la mume wa dada yake, aliyekwisha kujigamba mtaa mzima kuhusu bomba jipya. Bomba la zamani lilipimwa boneti ikiwa imefungwa. Zamu ya jipya, shemeji akaifungua kimyakimya, hewa baridi ipandishe namba. Fundi akaibamiza.

"Bomba nimelichomelea mimi, wewe unalifundisha uongo!"

Akapima upya, boneti imefungwa. Nguvu ya injini, inayohesabiwa kwa farasi, ikaongezeka farasi wawili.

"Wawili tu?" shemeji akanuna.

"Wawili!" fundi akafoka. "Lakini hawa wana miguu, si wa hewa."