Mrembo Wangu Anakula Mchanga

Nichekeni mpaka mchoke, lakini mrembo wangu simrudishi dukani. Ni samaki mdogo, mweupe kama maziwa, anayetafuna mchanga wa tangi langu la maji ya chumvi na kuutoa kupitia mashavu ukiwa safi. Matumbawe yangu hayajawahi kung'aa hivi. Siku niliyomleta hapa Jinja, furaha ilinizidi, nikampigia simu mama yangu aliye Mbale.

"Mama, nimeleta mrembo nyumbani! Mpole sana, ila anakula mchanga kutwa."

Mama akapiga vigelegele. "Mwache ale, mwanangu! Mwili wake ndio unataka. Nakuja."

Mimi, mwandishi wa riwaya, nilielewa tu kwamba hatimaye mama amewapenda samaki wangu.

Jumamosi akafika na shangazi, kuku wawili, na mfuko wa udongo ule wanaoutafuna wajawazito.

"Mkwe wangu yuko wapi?"

Nikaonyesha tangi. Mrembo akachota mchanga, akautema.

"Ndiye huyu mwenye mimba?" shangazi akauliza.

"Mimba sikuitaja," nikasema. "Na simrudishi dukani."

"Basi na mimi sirudi Mbale," mama akasema, akikaa chini na kuku wake. "Mtaa wetu mzima wa Nabuyonga nimeshautangazia mjukuu."