Kuchoma au Kuweka Dawa

Nilimwonea binti wa shangazi yangu wivu mpaka chakula kikawa hakinishuki. Ilikuwa miaka ya sabini, amekuja kukaa kwetu Mpanda mjini kutoka Inyonga, kwao wakulima wa tumbaku ambao kanisa walilisikia kwa mbali tu. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, nyimbo zote za misa nazijua, na yule karani wa stesheni ya treni nilimwona mimi kwanza. Miezi miwili nilikwenda kuulizia mzigo usiokuwepo. Yeye alifika stesheni mara moja tu, katumwa kuniita nyumbani, na karani akaleta posa kwake.

Kwa kuwa karani alikuwa Mkatoliki, binti wa shangazi akaanza mafundisho, ikapangwa abatizwe na kufunga ndoa asubuhi moja. Akatakiwa awe na mama wa ubatizo. Kati ya wanawake wote wa Mpanda akanichagua mimi niliyemzidi miaka mitatu! Nilikubali kwa tabasamu pana na roho imevimba.

Siku moja kabla ya harusi tukaenda kwa mama mmoja wa Tabora aliyetengeneza nywele barazani kwake. Binti wa shangazi alikuwa na nywele za kipilipili na alitaka zilale mpaka mabegani. Yule mama akamweleza njia zake mbili.

"Nikikuchoma kwa chanuo la moto, zinalala na kung'aa leo hii hii. Ila zikiona maji tu, zinarudi kwao. Dawa inawasha kichwa, lakini ikishashika hata unyeshewe mvua hazijikunji. Sasa nyie huko kanisani, kuna kulowana?"

Binti wa shangazi akanigeukia. Alikuwa hajawahi kuona mtu akibatizwa, na kwenye mafundisho walielezwa maana ya maji, si kipimo chake.

"Eti dada, padri anamwaga maji mengi?"

Padri wetu nilimjua vizuri. Alimwaga kikombe kizima, mara tatu, mpaka shingo inalowa.

"Tone tu, hapa kwenye paji," nikamwambia. "Choma. Dawa itakutoa vidonda siku ya harusi yako."

Yule mama akanisifu kwamba nina huruma. Chanuo la shaba likawekwa kwenye jiko la mkaa, mafuta ya mgando yakachirizika, harufu ya nywele ikajaa baraza. Binti wa shangazi aliinuka pale kapendeza kuliko nilivyotegemea, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba maji hayatatosha.

Asubuhi nilisimama nyuma yake kanisani, mkono wa kulia begani kwake, taulo kwenye mkono wa kushoto. Kikombe cha kwanza kilipomwagwa, nywele za mbele zikaanza kujikunja. Cha pili zikasimama. Baada ya cha tatu, mbele kulikuwa kipilipili kitupu na nyuma zimelala zimenyooka, kama vichwa vya watu wawili. Wenzangu wa kwaya wakaziba midomo. Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kwa muda usiotosha kuimba ubeti mmoja.

Karani akatoka kwenye benchi, akachukua taulo mkononi mwangu bila hata kunitazama, akaanza kumfuta kichwa taratibu.

"Tangu ulipoingia nilikuwa nashangaa nani huyu," akamwambia. "Sasa ndiyo wewe."

Wakacheka wote wawili mbele ya padri, na padri akawangoja.

Nje, binti wa shangazi alinikumbatia na kichwa chake kibichi. Habari ya tone hakuigusa, siku ile wala baadaye. Alisema tu, "Asante, mama," kwa sababu kwetu mama wa ubatizo ni mama kweli, na mume wa mwanao ni mkweo.

Juma lililofuata nilikutana na karani kwenye njia ya sokoni. Nilikuwa nimevaa gauni jipya na nywele nimechoma. Aliponiona akasogea pembeni kabisa, akainamisha macho kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake, wala hakuwa anatania.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, yeye thelathini.

"Marahaba," nikaitika.