Fundi wa Breki Aliyesimama Mbele ya Pijo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wachumaji wa kwanza wa majani chai wanapita mjini Kapkatet na vikapu mgongoni, na Kipkosgei Johana tayari ameingiza kichwa chini ya boneti ya Pijo 504 kuukuu. Hajashika spana. Amepenyeza vidole vitatu kati ya paipu ya breki na bomba la egzosi. Anavitoa, anavirudisha.

“Vinapita,” anasema. Kisha anavipitisha tena, kama mtu asiyeamini mkono wake mwenyewe.

Injini inanguruma vizuri, ila si ya gari hili. Ilitolewa kwenye pikapu ya Kijapani na kupandikizwa humu. Pijo lenyewe lina umri mkubwa kuliko watoto wote wa fundi huyu, na milango yake ina rangi mbili.

Kipkosgei, mwenye umri wa miaka 46, hufanya kazi ya breki tu. Mafundi wenzake hushika injini, gia na chochote kinacholeta pesa ya haraka. Yeye hukataa.

“Injini ikikataa, gari inasimama,” anasema. “Breki ikikataa, gari haisimami. Lakini watu wanalipia ile ya kwanza mbio mbio. Hii ya pili wanakuambia, ‘Fundi, si tuongee.’”

Wateja wamempa jina: Ngoja Kwanza. Atakaa na gari siku nzima kwa ajili ya tone moja la mafuta aliloliona sakafuni. Akishaliachilia gari hilo, hupiga simu jioni kuuliza kama pedali bado iko juu. Wengine humkimbia. Mwezi mzuri, baada ya kulipa kodi ya uwanja, hubaki na shilingi elfu kumi na nane, nao ugali una walaji wanne.

Wasiwasi huo una mizizi. Akiwa kijana alikuwa utingo wa lori la majani chai, akisafiri juu ya magunia. Siku moja ya mvua lori lilikataa kusimama mlimani. Dereva alilisugua kwenye ukingo wa udongo mpaka likakwama, na hakuna aliyekufa.

“Watu wanafikiria nakumbuka ule mshindo,” anasema. “Hapana. Nakumbuka mguu wa dereva. Alikuwa anapiga pedali, tap, tap, tap, na hakuna kitu inajibu.”

Mwezi uliopita, Pijo hili liliingia uwanjani kwake. Mwenyewe ni Kimotho, mfanyabiashara ambaye hununua viazi Silibwet na kuviuza Sigowet pamoja na mkewe, Wamuyu. Injini ya asili ilikuwa imekufa, na mafundi wa mji mwingine ndio walioweka hiyo ya pikapu. Kimotho alitaka Kipkosgei akaze breki kidogo tu, maana pedali ilikuwa ikicheza.

Kipkosgei alifungua boneti akainama.

Injini mpya ilikuwa pana kuliko ile ya zamani. Haikuwa imeacha nafasi ya busta, lile dumu bapa la chuma linalousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Mafundi wale waliisogeza busta pembeni kwa vipande vya chuma, wakaipinda paipu ya mafuta ya breki ili ipite mahali palipobaki. Mahali palipobaki palikuwa ubavuni mwa egzosi.

“Paipu ilikuwa imelalia moto,” anaeleza. “Ukienda dukani hutajua. Lakini panda mlima na mzigo, egzosi iwake, halafu uanze kuteremka. Mafuta ya breki yanachemka kama chai kwa sufuria. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haisukumi kitu. Unakanyaga, mguu unaenda mpaka chini.”

Alimwomba Ombui, mchomeleaji anayegawana naye uwanja, atengeneze kishikizo kipya cha busta. Yeye mwenyewe akapanda gari kwenda Kericho kutafuta paipu ndefu zaidi na bati la kukinga joto. Kabla ya kuondoka alimpigia Kimotho.

“Baba Waringa, usiguse hiyo gari. Nimeenda Kericho, narudi.”

Kimotho alisema sawa. Lakini viazi vyake vilikuwa barazani, vingine vimeanza kutoa maji, na siku hiyo ilikuwa ya soko.

“Nilikuja nikakanyaga pale uwanjani, breki ikashika,” Kimotho anasimulia leo, akitazama viatu vyake. “Nikajua fundi ni kawaida yake, kuogopa.”

Kipkosgei aliporudi na paipu yake begani, alikuta doa la mafuta mahali pa gari.

“Ombui, Pijo iko wapi?”

“Mwenyewe alikuja na ufunguo yake. Nilimwambia ngoja fundi. Akasema ngoja ni yako, yeye ako na soko.”

“Ako na nani?”

“Na mama.”

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu hakusubiri imalize kuita. Alikuwa ameshapanda bodaboda, akimwelekeza kijana mwendeshaji ashike barabara ya Sigowet.

Anasema njia nzima hakuwa akiangalia magari. Alikuwa akiangalia lami, akitafuta viazi.

Walivuka kilima cha kwanza, barabara ikiwa safi. Wakapanda cha pili, kirefu, chenye mashamba ya chai pande zote, naye akaanza kujiambia kwamba labda Kimotho amepita salama. Walipoanza kuteremka, akakiona kimoja. Kilikuwa katikati ya barabara, kizima, hakijakanyagwa. Mbele kidogo vilikuwa vitatu. Kisha kona ilipokaribia, vilikuwa vimetapakaa kama vilivyomwagwa makusudi.

“Nilimwambia yule kijana apunguze mwendo,” anasema. “Sikutaka kufika.”

Pijo lilikuwa limeingia ubavu mzima ndani ya majani chai, upande wa juu wa barabara. Kimotho alikuwa amevuta breki ya mkono, akarudisha gia ya chini, na kila kitu kilipokataa akalipeleka gari kwenye michai. Chai ya miaka mingi ina mashina magumu, nayo ndiyo iliyolishika. Kimotho alikuwa na mkwaruzo kwenye paji la uso. Wamuyu alikuwa ameketi ukingoni, mzima, mikono imeshika magoti.

Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa. Mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva akikanyaga pedali.

“Mzee, hii breki iko,” alisema. “Ni wewe ulisahau kukanyaga.”

Watu wakacheka. Mwingine akaingia, akakanyaga, akathibitisha: pedali ilikuwa ngumu, iko juu, haina neno. Na hiyo, Kipkosgei anasema, ndiyo hatari ya kosa la namna hii. Mafuta yakipoa, breki hurudi kama haikuwahi kuondoka. Dereva anabaki mwongo mbele ya watu.

Kicheko kilimchoma Kimotho kuliko ule mkwaruzo. Vijana walipolivuta gari mpaka barabarani, na lilipowaka, aliketi nyuma ya usukani akasema anaenda sokoni.

“Baba Waringa, zima gari,” Kipkosgei alimwambia.

“Kosgei, si hawa watu wote wamekanyaga? Si breki ni hiyo?”

“Imerudi kwa vile imepoa. Ukipanda huko mbele itachemka tena.”

“Sasa hivi viazi niuzie nani? Nyani?”

Akaingiza gia. Hapo Kipkosgei akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alienda akasimama mbele ya gari.

“Fikiria hiyo,” anakumbuka. “Nilikuwa nimesimama mbele ya gari na mimi ndiye najua breki yake. Hata yeye angetaka kunihurumia, hiyo gari haingemsaidia.”

Kimotho aliminya honi. Fundi hakusogea. Vijana waliokuwa wakicheka wakarudi nyuma.

Wamuyu ndiye aliyeinuka. Alitembea taratibu mpaka dirisha la dereva, akanyoosha kiganja.

“Leta ufunguo.”

“Wamuyu, soko itaisha.”

“Wacha iishe. Mimi nilikuwa hapo ndani na wewe. Nilikuona ukikanyaga. Ulikanyaga mpaka ukaita mama yako, na mama yako alikufa zamani. Leta ufunguo.”

Kimotho akazima gari. Alimpa ufunguo bila kumtazama, na ndipo machozi yakamtoka, yeye mwanamume mzima, mbele ya wale vijana.

Viazi vingine viliuzwa palepale kando ya barabara. Vingine vilichukuliwa na pikapu ya jirani. Mwenye shamba, mama mzee anayeitwa Cheptoo, alikuja akiegemea fimbo, akahesabu mashina yaliyovunjika na kuwaambia kwamba hiyo chai ilipandwa na marehemu mumewe. Kisha akaagiza Wamuyu apewe chai ya maziwa.

Wiki tatu zimepita. Kipkosgei anasema kwa siku nyingi hakulala vizuri, kwa sababu aliliacha gari lisilokwisha kutengenezwa likiwa na magurudumu yote manne. Sasa kila gari ambalo hajalimaliza hulitoa gurudumu moja na kulifungia kwenye kibanda cha Ombui. Mteja akija na ufunguo wake, aende nao.

Pijo limefanywa upya. Busta ndogo kidogo imekaa kwenye kishikizo cha Ombui, mbali na injini. Paipu mpya inazunguka upande wa pili, na mahali pamoja tu inapokaribia egzosi ndipo penye bati la kukinga joto na nafasi ya vile vidole vitatu.

Saa mbili asubuhi hii, Wamuyu anafika na magunia ya viazi. Ametaka gari lijaribiwe na mzigo uleule, mlima uleule. Kimotho amekuja pia, lakini haingii.

“Nendeni,” anasema. “Mimi nitangoja hapa na Ombui.”

Kipkosgei anashika usukani. Kwenye kilima cha pili injini inalia kwa uzito, naye anaiacha ilie, hapunguzi. Anataka egzosi iwake kabisa. Juu kileleni anajipangusa viganja kwenye suruali. Wamuyu ameshika mlango kwa mikono miwili.

Gari linaanza kuteremka. Anakanyaga kidogo, anaachia. Anakanyaga. Kona inakuja, ile yenye michai iliyovunjika, na hapo anakandamiza. Pijo linainamisha pua, magunia yanasukumana nyuma, na linasimama.

Anatoka nje. Anafungua boneti, anagusa paipu. Ni vuguvugu. Anaushikilia mkono hapo muda mrefu.

“Iko namna gani?” Wamuyu anauliza kutoka ndani.

“Iko sawa, Mama Waringa.”

“Basi geuza. Tupande tuteremke tena.”

Wanateremka mara ya pili. Wanateremka mara ya tatu, na mara hiyo Wamuyu ameachilia mlango.

Cheptoo ametoka kwake kuangalia ni gari gani linalopanda na kushuka kama limepotea. Fundi anamwamkia kwa Kikipsigis, akimwita kogo, yaani nyanya, na yule mama mzee hamjibu mpaka amalize kulikagua Pijo.

“Ni ile ile?”

“Ni ile, kogo. Imepona.”

“Na ingine ikija, itapona ikiwa kwa majani yangu?” Anamwelekeza kwa fimbo kwenye kipande cha ardhi pale kileleni, kando ya barabara, kisichoota chai kwa sababu ya mawe. “Kaa hapo juu. Weka mabati. Mtu akitaka kuteremka, umwangalie kwanza. Pesa tutaongea ukipata.”

Kipkosgei anakubali kwa kichwa. Baadaye anaeleza anachotaka: shimo la kuingia chini ya gari, paa la mabati, Ombui na mashine yake ya kuchomelea upande mmoja, na kibao kimoja tu kinachosema BREKI. Anatumaini kuanza kabla ya mvua ya masika. Magari mengi ya huku sasa yanatembea na injini za kupandikizwa, anasema, na kila moja lina mahali pake ambapo paipu imelazimishwa kupita.

“Shida ni moja,” anaongeza. “Si wote watasimama.”

Tayari ameazima kamba, amefunga ncha yake kwenye jiwe moja, na anapima mahali shimo litakapokaa. Pikapu iliyojaa kabichi inampita kwa kasi na kuanza kuteremka. Anasimama wima, kamba mkononi, anaisikiliza. Chini kwenye kona taa nyekundu za breki zinawaka, zinabaki zimewaka, na pikapu inapinda polepole na kupotea.

Kipkosgei anainama, anavuta kamba mpaka jiwe la pili.